Sangara, kuni na dagaa

SWALI: Kwa nini sangara analaumiwa kwa ukataji miti kando ya Ziwa Victoria? Na dagaa wangu hujaa mchanga, nifanyeje?
Msomaji, Musoma

JIBU: Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo) wengi mno. Furu walikaushwa kwa jua tu. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi. Hukaangwa au kukaushwa kwa moshi, na hapo ndipo kuni zinapoteketea. (Minofu mingi huenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, ndiyo yanabaki kwetu!)

Dagaa usiwaanike chini. Tengeneza chanja ya wavu, kimo cha mita moja hivi, ili hewa ipite pande zote. Tandaza tabaka moja, geuza mara kwa mara. Wakirundikana huvunda. Mvua ikitishia, funika kwa turubai. Ikikata, funua mara moja.