Nyoka kwenye safari ya kuvua na kupanda msituni: jibu langu kutoka Kilombero, Udzungwa na Kigoma

Mkuu, umeandika kwamba wewe na wenzako watatu mnakwenda kuvua kwa ndoano bonde la Kilombero, kisha mpande Udzungwa hadi maporomoko ya Sanje, na kwamba mwenzenu mmoja ameshauriwa abebe jiwe la nyoka, lile linalobandikwa palipoumwa eti linyonye sumu, pamoja na petroli ya kumwagia kuzunguka hema. Unauliza kama vinatosha. Havitoshi. Naomba univumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu jiwe hilohilo niliwahi kuliamini, na aliyelipa gharama ya imani hiyo ni binamu yangu.

Nimevua Kilombero na vijito vyake tangu ujana, kambale na perege zaidi, na miaka miwili nilikaa Kigoma kikazi nikawa nashinda ziwani kila Jumapili. Nyoka nimekutana nao mara nyingi. Karibu wote waliondoka wenyewe kabla sijajua la kufanya. Nyoka huhisi mtikisiko wa hatua zako ardhini, na wengi wakishauhisi hushika njia yao. Anayeumiza watu ni yule asiyeondoka.

Huyo ni kifutu. Wengine humwita bafe, wengine moma. Ni mfupi na mnene, rangi yake mchanganyiko wa mchanga na majani makavu. Kinga yake ni kutoonekana, hivyo ukimkaribia hakimbii, analala vilevile alivyolala. Akichokozwa hujijaza hewa na kufoka kwa sauti ya gurudumu linalotoka upepo. Lakini usiutegemee mfoko huo kama honi, maana mara nyingi hafoki mpaka mguu uwe umeshafika.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2013. Maji yalikuwa yameanza kushuka, tumetoka mtoni mimi, binamu yangu na vijana wawili wa kijijini, saa moja jioni imeshapita. Tulikuwa na tochi moja, nimeishika mimi niliyetangulia. Binamu alikuwa wa tatu, amevaa ndala, mabegani ana fimbo ya samaki. Mimi nilipita, wa pili akapita, yeye akakanyaga. Alidhani amejigonga kwenye kisiki. Alipoinama kushika mguu ndipo tukasikia mfoko, na tochi ikamwonyesha kifutu pembeni ya njia, amejikunja, kichwa kimenyanyuka kidogo.

Sasa nakuhesabia tulivyopoteza muda, kwa sababu hapo ndipo mguu ulipoharibikia. Mmoja alimfunga chini ya goti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaza kwa nguvu zake zote. Tulipofika kijijini akaja mzee mmoja mwenye nia njema kabisa, akamchanja kwa wembe pale palipoumwa, akabandika jiwe. Jiwe likashika. Baada ya muda likaanguka lenyewe, mzee akasema limeshiba, limenyonya yote. Tukamshukuru, tukampa binamu chai, tukalala. Alfajiri mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi ina malengelenge yenye maji meusi. Bodaboda ikatupeleka kituo cha afya cha karibu, tukaambiwa dawa ya sumu ya nyoka hawana, twende mbele. Tulipofika hospitali iliyokuwa nayo, saa kumi na nne zilikuwa zimepita tangu aumwe.

Daktari alivuta damu kidogo, akaitia kwenye kichupa kisafi cha kioo, akaiacha mezani bila kuigusa. Nilidhani anatupuuza. Baada ya dakika 20 akakiinamisha kichupa, damu ikatiririka kama maji. Akanieleza kwamba damu ya mtu mwenye afya ilipaswa kuwa imeganda, na kwamba sumu ndiyo iliyoiharibu. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, na tangu siku hiyo nikiona mtu anadharau hospitali ndogo namsimulia.

Binamu alipona. Alipoteza vidole viwili vya mguu na anachechemea mpaka leo. Sumu ya kifutu huua nyama pale ilipoingia, na sisi kwa tyubu yetu tuliifungia sehemu moja ya mguu tukazuia na damu nzuri isifike. Jiwe nalo hushika kwa sababu ni kitu kikavu chenye vitundu, linanyonya majimaji ya kidonda, likilowa linaachia. Sumu yenyewe imeshaingia ndani ya nyama na mishipa, hakuna jiwe linaloweza kuirudisha nje. Wanaoapa kwamba liliwaponya huenda waliumwa na nyoka asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye siku hiyo hakuitoa. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu kila dawa ya uongo ina mashahidi wa kweli.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kununua hata ndoano, pigeni simu. Ulizeni hospitali za Ifakara na zile za njiani: dawa ya sumu ya nyoka mnayo leo? Msiulize kama huwa wanayo. Kisha mpate namba za madereva bodaboda wawili, siyo mmoja, wanaokubali kutoka usiku. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na hesabu zake zinasema watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo. Lengo ni kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Lakini ukiwa na mgonjwa mgongoni mwa pikipiki, lengo la 2030 halikusaidii. Kinachokusaidia ni kujua dereva akunje kushoto au kulia. Mimi inaniuma sana kwamba mkulima na mvuvi, watu wanaokanyaga nyasi kila siku, ndio walio mbali zaidi na dawa hiyo.

Msijaribu kubeba dawa yenyewe mjichome huko porini. Hutiwa kwenye mshipa, na mwili wa mtu unaweza kuikataa ghafla akazidiwa palepale, ndiyo maana hutolewa mahali penye watu na dawa za kumrudisha.

Nyoka wengine mnaoweza kukutana nao nitawasema kwa kadiri nilivyowaona.

Swila anayetema mate alinipata mara moja. Nilinyanyua mtumbwi mkuukuu uliokuwa umefunikwa ukingoni, nikaona kichwa kimesimama na shingo imetanuka, na kabla sijaachia mbao macho yakawaka moto. Anaweza kutema mita mbili hata zaidi, na hulenga uso. Mwenzangu alinilaza, akanimwagia maji ya mto machoni, ndoo baada ya ndoo, karibu robo saa, ameushika mkono wangu nisifikiche. Hayo ndiyo matibabu: maji mengi, haraka, bila kusugua. Usingoje mtu atafute maziwa dukani wakati mto uko hapo. Baadaye nenda hospitali jicho likaguliwe, maana sumu inaweza kuacha kidonda kwenye kioo cha jicho, na ukikipuuza unaweza kupoteza uoni. Tangu hapo situmii mikono kufunua kitu chochote kilicholala chini. Natumia kasia.

Kigoma kuna swila wa majini. Ni wa kahawia, ana mikanda michache myeusi shingoni, chakula chake samaki, na sehemu kubwa ya maisha yake ni ndani ya maji na kwenye mawe ya ufukweni. Mara ya kwanza nilipomwona anapita chini ya mtumbwi, maji maangavu kama hewa, niliganda. Mzee niliyekuwa naye akaendelea kutia chambo. "Naye anavua, mwache," akaniambia. Ni mpole majini, hana shida na mtu anayepiga kasia. Hatari iko kwa anayetia mkono katikati ya mawe kufungua ndoano iliyonasa, au anayetoa samaki kwenye wavu bila kuangalia nini kingine kimeingia. Ndoano ikinasa kwenye mawe mimi nakata mshipi. Ndoano ni bei ya maandazi.

Koboko nimemwona mara moja tu, kwenye uwanda mkavu mbali na mto, anapanda kichuguu. Wengi wanamtafuta nyoka mweusi, lakini mwili wake ni wa kijivu au wa rangi ya udongo. Weusi uko ndani ya kinywa. Tulisimama, tukarudi nyuma polepole, tukazunguka mbali. Sumu yake haivimbishi sana, inalegeza misuli: kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, kisha pumzi. Mtu wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya saa chache, na anachohitaji pamoja na dawa ni kusaidiwa kupumua. Ukiona kope zinashuka, usingoje uvimbe ndipo uamini.

Udzungwa lazima mwende na mwongozaji wa hifadhi, na msikilizeni. Njia ya Sanje ina majani makavu mengi. Mwongozaji wetu alisimama ghafla, akanyoosha fimbo chini ya mzizi, akasema tazameni. Nilitazama karibu dakika nzima sikuona kitu. Kisha majani yakawa na macho. Alikuwa ndugu wa kifutu anayeishi misitu minene, mwili una michoro kama zulia, na meno yake yanaweza kufika sentimeta 5. Alikuwa ametulia kabisa. Nadhani tulikuwa tumeshapita wengine wa aina yake bila kujua, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu njia tuliyokanyaga ilikuwa imekanyagwa na fimbo kwanza.

Nyoka wembamba wa mitini, wa kijani au wa kijivu kama kijiti, msiwashike kwa kuwaona wapole. Baadhi yao sumu yao huchelewa, mtu anakaa siku nzima akicheka kisha anaanza kutoka damu kwenye fizi, na dawa ya kawaida ya nyoka haitibu sumu yao. Vilevile kanyoka keusi kadogo kanakotoka ardhini baada ya mvua: kuna aina inayochoma kwa jino la pembeni huku kinywa kimefungwa, hata ukikashika nyuma ya kichwa.

Mavazi siyo jambo la mjadala. Gambuti au viatu vya kufunika kifundo, suruali ndefu nzito, na tochi kwa kila mtu. Kila mtu, mkuu, hata kama ni kwenda kukojoa tu. Fimbo ndefu iguse kabla ya mguu. Gogo likiwa njiani, panda juu yake uone upande wa pili, usilivuke kwa hatua moja. Kuni ziokoteni mchana. Hema lifungwe zipu muda wote na viatu vikung'utwe asubuhi. Makombo ya wali yafukiwe mbali, maana makombo huita panya, na panya humwita nyoka. Petroli iacheni kwenye pikipiki. Harufu yake itawaumiza nyinyi, na jirani na moto wa kupikia mnatafuta msiba mwingine.

Ikitokea mmoja ameumwa: sogeeni mbali na nyoka, msimfukuze wala kumbeba, kwani hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na isipopatikana si kitu. Vueni pete, saa, kiatu, cheni ya mguuni. Mgonjwa asitembee. Fungeni banzi palipoumwa, kama mnavyofunga mguu uliovunjika, bila kukaza, mkitumia kanga au shuka. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usimpe pombe, na maumivu msiyatulize kwa aspirini au diklofenaki kwa sababu zinaongeza kutoka damu. Andikeni kwa kalamu kwenye ngozi uvimbe ulipofikia na saa, daktari atashukuru. Machela ni miti miwili na turubai. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu wa tatu nyuma amkumbatie asianguke. Akianza kutapika au kulegea, alazwe ubavu wa kushoto.

Mlango wa kuongea naye uwe wazi njia nzima. Binamu aliniambia baadaye kwamba kilichomtisha kuliko maumivu ni sisi kunong'ona.

Kama tiketi bado, sogezeni safari hadi mwezi wa saba. Nyasi zinakuwa zimelala, njia inaonekana, maji yametulia, na usiku una baridi kiasi kwamba nyoka wengi hawatembei sana. Kambale nao wanashika chambo vizuri wakati huo. Mkishapiga simu ile ya hospitali, rudi hapa uandike mmejibiwa nini na wapi, kuna watu wengi wanaopita njia hiyohiyo.