Kofia ya waridi na hela ya mchango

Unauliza kama kununua kofia ya rangi ya waridi, rangi ya kampeni za saratani hiyo, yenye nembo ya NFL (ligi ya kandanda ya Kimarekani) kunasaidia vita dhidi ya saratani ya matiti. Kidogo sana. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2013 ilikuwa hivi: bidhaa ya dola 100, duka lilibaki na nusu, ligi ilipata asilimia 25 ya bei ya jumla (dola 50 ambazo duka lililipa), yaani dola 12.50, kisha ilichangia asilimia 90 ya hizo, dola 11.25.

Soma lebo. Maneno "sehemu ya mapato" hayatoshi: tafuta asilimia, ya bei ipi, jina la mpokeaji na kikomo cha mchango, yaani kiasi cha juu ambacho muuzaji atatoa. Kikomo kikishafikiwa, kofia yako haiongezi hata senti, na hilo linaudhi kweli.

Ukiipenda kofia, nunua. Mchango upeleke moja kwa moja kwa shirika, udai risiti.