Hakimu Akija Kuomba Kura Getini Kazini Kwenu

Kwetu Tanga hakimu hupangiwa kituo. Tume ya Utumishi wa Mahakama inamwajiri, anapelekwa Korogwe au Lushoto, nawe unamkuta siku ya kesi yako. Ndiyo maana nilipowaambia Waswahili wenzangu wa hapa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwamba ninazunguka na mama mmoja anayegombea uhakimu, dada mmoja alishika kichwa: "Hakimu anaomba kura? Si atakaa pale na deni la watu?"

Swali lake lilinikaa moyoni kampeni nzima. Ninayoandika hapa ni kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye kadi ya chama cha wafanyakazi ambaye atakutana na mgombea wa aina hiyo akitoka zamu.

Kwanza mjue ni hakimu yupi. Pennsylvania, ukiitoa Philadelphia yenye utaratibu wake, mahakama ya chini kabisa iko mtaani kwenu. Hakimu wake anachaguliwa kwa miaka 6, wala si lazima awe mwanasheria. Asiye mwanasheria anasoma kozi na kufaulu mtihani kabla ya kuapishwa. Mezani kwake ndiko zinakofika karatasi za mwenye nyumba anayetaka kukutoa, madai yasiyozidi dola 12,000, faini za barabarani, barua za mtoto aliyekosa shule mara nyingi. Hatua za mwanzo za kesi za jinai nazo huanzia kwake. Na mkiwa mmesimama na mabango wakati wa mgomo, polisi akamwandikia mmoja wenu kosa dogo la fujo, karatasi hiyo nayo inakwenda kwake. Watu wengi wanajua jina la rais na la gavana, huyu hawamjui, ilhali huyu ndiye watakayesimama mbele yake.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na ndimi mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye ghorofa yetu. Asubuhi ya kwanza tulisimama getini saa kumi na mbili na nusu, zamu ya usiku ikitoka na ya asubuhi ikiingia. Kwa furaha nikawa nawaambia wenzangu, "Huyu ni wetu, tukifika kwake tumeshinda." Mgombea alinisikia. Alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba nikisema hivyo tena ataniomba nibaki nyumbani. Niliumia. Baadaye nikaelewa: kanuni za maadili zinamkataza mgombea uhakimu kuahidi atakavyoamua kesi, na maneno ya watu wake wa kampeni yanaweza kumrudia. Fedha pia haruhusiwi kuomba kwa mdomo wake. Hiyo ni kazi ya kamati ya kampeni. Katazo kama hilo la Florida lilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2015 majaji 5 kwa 4 wakalikubali.

Nikawa nawasimulia watu habari ya West Virginia, maana wafanyakazi wa upande wetu wanaielewa haraka. Mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey alitumia kama dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin kushinda ujaji wa mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 2004. Kesi ya kampuni hiyo hiyo ilipofika, Benjamin hakujitoa, na kampuni ikashinda. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema alipaswa kujitoa. Kila ninayemsimulia anakasirika, na ana haki. Ila hasira hiyo itufundishe na sisi: hatuwezi kumkataza mwajiri kujiwekea hakimu kisha tukamtaka wa kwetu.

Basi tumwulize nini? Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi. Kwenye ukumbi wa chama mtu wa kwanza aliuliza, "Uko upande wetu?" na jibu la kisheria likawakatisha tamaa. Mkutano ulichangamka pale mama mmoja wa Kikongo aliposimama kuuliza habari ya mkalimani. Alikuwa ameitwa mahakamani kwa ajili ya kodi ya nyumba, na mwanawe wa miaka 11 ndiye aliyemtafsiria. Pennsylvania mahakama inatakiwa kukupa mkalimani bila wewe kulipa, lakini hakimu asiyejali anaweza kuendelea na kesi huku mtoto akihangaika na maneno ya sheria. Mgombea alieleza hatua kwa hatua atakavyohakikisha karani anauliza lugha ya mtu mapema. Hiyo si ahadi ya hukumu, ni habari ya jinsi atakavyoendesha ofisi. Maswali ya namna hiyo ndiyo ya kubeba: kesi zitapangwa saa ngapi kwa wanaofanya kazi usiku? Mtu akishindwa kesi ya nyumba, ataambiwa waziwazi kwamba ana siku 10 tu za kukata rufaa asitolewe? Aliyeshindwa kulipa faini kwa mkupuo, atasikilizwa kabla ya hatua kali?

Kwa mgombea mwenyewe, au ndugu anayemsaidia, nina moja la vipeperushi. Vya kwanza nilivichapisha mimi kwa bei rahisi. Mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha chuma alikipokea, hakusoma hata jina, akakigeuza na kutazama pembe ya chini. Alikuwa anatafuta alama ndogo ya chama cha wachapaji, inayoonyesha kwamba waliokichapa wana chama. Haikuwepo. Akanirudishia. Tulivichapisha upya vyote, na nilipompelekea cha pili alikaa nami nusu saa akinisimulia migomo ya zamani kando ya mto Monongahela, na jinsi saini ya jaji kwenye amri ya kuzuia mgomo ilivyoweza kuwaondoa watu getini. Jimbo lilikuja kupunguza nguvu hizo kwa sheria ya mwaka 1937.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni la mwezi Mei. Uchaguzi wa mahakimu hapa unaangukia miaka ya witiri, na mgombea anaruhusiwa kuingia kura za mchujo za Mei, ambamo kila chama huteua mgombea wake, kwa vyama vyote viwili vya siasa. Akishinda kote kuwili, Novemba inakuwa kama kukamilisha tu. Lakini kura za mchujo ni za waliojiandikisha na chama cha siasa. Wengi wetu tulipopata uraia tuliandika kwamba hatuna chama, tukidhani ndiyo heshima. Siku ya Mei wenzangu watatu walifika kituoni na sare zao za kazi wakaambiwa hakimu hayumo kwenye karatasi yao. Kubadilisha chama ulichojiandikisha kunawezekana hadi siku 15 kabla ya mchujo. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na tangu sheria ya mwaka 2019 unaweza kuomba kura ya posta bila kutoa sababu, jambo la neema kwa mwenye zamu mbili.

Na wewe mwenye kadi ya kijani, mkazi wa kudumu ambaye bado si raia, nakuomba kama dada yako: usijiandikishe kupiga kura, hata akikuhimiza mtu mwenye fulana ya chama, hata fomu ikiletwa na karani wa leseni za gari. Watu wamepoteza haki ya kukaa nchini kwa kosa hilo. Kugawa vipeperushi bila malipo unaweza, kukaa ukumbini na kuuliza unaweza. Yule mama wa Kikongo hakuwa raia siku ile, na swali lake ndilo lililotufungua macho.