Uaminifu Hupimwa Mwenyewe Akiwa Hayupo

Swali la wiki hii lilituuliza uaminifu una maana gani katika mahusiano ya watu, na kama jamii yetu bado inauona kuwa na thamani. Naomba kulijibu kama mtu aliyefanya kazi ya ukarani wa mizani kwa miaka tisa katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupakulia samaki, wa Ziwa Victoria, si mbali sana na jiji la Mwanza, kwa kuwa karibu yote ninayoyajua kuhusu neno hilo nilijifunza pale penye mizani, na mengine kati ya hayo si ya kujivunia.

Neno lenyewe tumelitwisha mzigo mzito. Mwenye duka humwita mwaminifu kijana asiyedokoa fedha za mauzo. Mke humwita mwaminifu mume asiyetoka nje ya ndoa. Chama humwita mwaminifu mwanachama asiyehama. Na tajiri, kama tunavyomwita mwenye mitumbwi huku ziwani, humwita mwaminifu mvuvi asiyeuliza maswali. Wanne hao hawazungumzii kitu kimoja, na huyo wa mwisho, kwa maoni yangu, anazungumzia utiifu, ambao ni jambo jingine kabisa. Uaminifu umetoka katika shina moja na kuamini, imani na amana, nami naona ni hiyo amana inayotufungulia mlango. Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwako wakati mwenyewe hayupo. Akiwapo, huenda kinachokuzuia usiiguse ni macho yake tu. Akishaondoka ndipo wewe mwenyewe unapojulikana, na mara nyingi anayekujua kwanza ni wewe.

Chukua mtumbwi wa sangara. Nyavu hutegwa jioni, wavuvi wanne wanalala humo humo majini au wanarudi kambini, na alfajiri wanazivuta huku tajiri akiwa usingizini mjini. Ndani ya tumbo la sangara kuna bondo, kile kifuko cha hewa cheupe kinachokaushwa na kusafirishwa hadi China, ambacho kwa uzito wake kina bei inayoizidi minofu kwa mbali sana. Kijana mwenye kisu kidogo anaweza kumpasua samaki mmoja, akalitoa bondo, akalikunja kama leso na kulisukuma ndani ya buti la mpira, kisha samaki huyo aliyepasuliwa akaelezwa ufukweni kuwa aliharibika wavuni na sasa anafaa kuwa kayabo, yaani wa kutiwa chumvi. Nimewahi kushika bondo la namna hiyo likiwa bado na joto la mguu wa mtu. Ziwani hakuna shahidi isipokuwa wenzako watatu, nao siku hiyo hiyo wanaweza kuwa na buti zao.

Ningeishia hapo, jibu langu lingewapendeza matajiri wote wa kanda hii. Lakini mizani ilikuwa yangu, nami nina la kusema kuhusu upande wa pili. Tajiri wangu aliniagiza, tangu wiki ya kwanza ya ajira yangu, nipunguze kilo mbili kwa kila kreti la samaki. "Hizo ni za maji," alisema, ingawa samaki wale walikuwa wamekwisha kuchuruzika kwenye mbao tangu asubuhi. Kwa kuwa mgao wa wavuvi ulitokana na kilo zilizoandikwa, baada ya kuondoa petroli, barafu na chakula, kila kreti liliwaibia kidogo kidogo watu ambao hawakuruhusiwa kuisogelea mizani. Aliponiajiri aliniambia kwamba anatafuta mtu mwaminifu, nami niliamini, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kwamba kuandika kilo zake za maji kulikuwa ndio uaminifu wenyewe, maana mshahara wangu ulitoka kwake na hata mtoto wangu alipolazwa ni yeye aliyelipa.

Kwa hiyo mwaloni pale palikuwa na pande mbili, kila mmoja ukiibia wenzake wasipokuwapo na kila mmoja ukilalamikia usaliti. Sisemi kwamba bondo la kwenye buti lilihalalishwa na kilo za maji, kwa sababu wapo waliopunjwa kama wenzao na hawakuiba hata siku moja. Ninachosema ni kwamba anayedai uaminifu kutoka chini bila kuuteremsha kutoka juu anadai ushuru tu, na ushuru watu huukwepa kila wanapopata upenyo.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea kwa kijana wa kukumba maji mtumbwini, mdogo kuliko wote. Bondo lilipotea, tajiri akataka jina, na kijana huyo akafukuzwa bila hata nauli ya kurudi kwao. Wavuvi watatu walimjua aliyelichukua. Nilipowauliza baadaye kwa nini hawakusema, mmoja alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba wao ni watu wa mtumbwi mmoja na hawawezi kuuzana. Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba aliyefukuzwa naye alikuwa wa mtumbwi huo huo. Tabia hii tuna jina lake, kulindana, nayo inafanana na uaminifu kiasi cha kuwachanganya watu wazima wenye akili zao: ina kujitolea ndani yake, ina kutunza siri, na hata ina ushujaa. Tofauti ni kwamba gharama yake humwangukia mtu ambaye hakushirikishwa. Nimeiona pia katika ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambako mjumbe wa kikundi hujua fika ni shemeji yake anayevuta kokoro, ule wavu wa kukokota, usiku na kuzoa sangara wachanga wasiofika hata nusu ya sentimita 50 zinazotakiwa na sheria, akanyamaza kwa sababu ya undugu, na mwaka unaofuata wote wawili wanalalamika kwamba ziwa limekauka samaki.

Najua wapo watakaojibu kwamba mwaminifu ni yule asiyeuacha upande wake, liwalo na liwe. Kwenye ngoma nakubaliana nao. Huku Usukumani tuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, na katika mashindano ya Bulabo pale Bujora makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa kundi lililovuta watazamaji wengi. Anayebaki na kundi lake wakati umati wote umekimbilia kwa wenzao ana roho nzuri, na asubuhi yake hasara pekee ni miguu inayouma. Ni pale ushabiki wa aina hiyo unapohamishiwa ofisini, kwenye kura au kwenye mizani ndipo unapokuwa sumu. Waliotutangulia walilijua hilo. Katika ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichotuletea uhuru, kulikuwa na ile ya kuwa mwanachama mwaminifu, lakini katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na "Cheo ni dhamana" na "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Wazee wetu waliikariri yote kwa pamoja, uaminifu kwa chama ukiwa umefungwa kamba moja na kusema kweli. Sisi tumebaki na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi.

Kuna amana nyingine ambayo watu wa visiwani wanaifahamu kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugorora upande wa Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ikiwa karibu kuifikia Mwanza, na makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa, bado yapo kwa anayetaka kuyaona. Tangu wakati huo nimekuwa nikiwaza sana juu ya maneno madogo yanayosemwa kwenye kila gati na kila mwalo: "Panda tu, ndugu yangu, tutabanana." Anayeyasema si mtu mbaya. Anamwonea huruma jirani aliyetoka gulioni na magunia yake, anamjua kwa jina, hawezi kumwacha ufukweni jua likizama. Lakini waliokwisha kukaa ndani nao walimkabidhi kitu walipotoa nauli, nao hawana sauti katika mazungumzo hayo. Kumkatalia unayemjua kwa ajili ya usiowajua ni uaminifu mgumu kuliko wote, na sijui ni wangapi kati yetu tungeuweza tukiangaliwa usoni na shemeji mwenye mtoto mgongoni.

Kuhusu ndoa nitasema machache, maana wengi watalijibu swali kwa upande huo. Mvuvi anayehama kambi miezi mitatu na mke anayebaki na watoto wote wawili wako gizani kuhusu mwenzake, na simu haijapunguza giza hilo, pengine imeliongeza. Sina la kuongeza zaidi ya lile la amana.

Ila nyumbani kwangu kuna jambo moja la kufundisha. Mke wangu yuko kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake wachuuzi wa dagaa. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, funguo zake ziko kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mwingine wa nne. Kila wiki hufunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa kwa sauti, jumla ikatajwa, na kila mmoja akatakiwa kuikariri hadi wiki ijayo. Nilipomtania kwamba mbona hawaaminiani, alinitazama kama mtu niliyesema upuuzi. Alinieleza kwamba kufuli tatu ziliwekwa ili mwenye sanduku alale usingizi, fedha zikipungua asiwe yeye wa kwanza kunyooshewa kidole. Laiti mizani yetu ingekuwa hivyo, ikaning'inizwa mahali ambapo mvuvi na tajiri wanaona mshale mmoja, yule kijana wa kukumba maji asingefukuzwa, na labda buti nazo zingebaki na miguu tu. Tumezoea kuhubiri uaminifu kama zawadi ya moyo na kuacha kuutengenezea mahali pa kukaa.

Nilisema mengine si ya kujivunia. Katika daftari langu la mizani niliandika kilo za tajiri kwa kalamu ya wino, na pembeni, kwa penseli, kilo halisi. Nilijiambia kwamba natunza kumbukumbu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujiona msafi bila kulipia usafi huo. Nahodha wa mtumbwi mmoja, mtu mzima ambaye sikuwahi kumwita jina ila kaka, alikuwa akija jioni tunakunywa chai kwenye benchi lile lile ambalo daftari lililala chini yake. Aliugua wiki mbili, akafariki. Baada ya arobaini mjane wake alikuja mwaloni kuuliza kama marehemu aliacha chochote, na tajiri akamwambia kwamba mahesabu yalikwisha kufungwa na hadaiwi wala hadai. Jioni hiyo nilikaa na penseli yangu nikajumlisha kreti za mtumbwi ule kwa miezi 14: kilo 2,068 zilikuwa zimeitwa maji. Nikainakili jumla hiyo kwenye karatasi, pamoja na tarehe zake, nikampelekea mama yule alikofikia.

Tajiri alipopata habari aliniita msaliti mbele ya watu, akanikumbusha hospitali aliyolipia, na kwa hilo la hospitali alikuwa na haki. Nilikabidhi ufunguo wa banda siku hiyo hiyo. Lakini si yeye ninayemkumbuka. Mjane alikuwa ameisoma karatasi taratibu, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza: "Shemeji, hizi ulikuwa unaziandika mwenzio yu hai, mnakunywa chai pamoja?" Nikajibu ndiyo. Hakusema neno jingine juu ya hilo. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaniuliza ofisi ya mwenyekiti wa mwalo iko upande gani.