Muulize Somo: Idd ya Watu Wawili

Assalamu alaykum Somo,

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Naishi Kisauni katika chumba cha kupanga pamoja na mwanangu wa kiume, ambaye ametimiza miaka miwili na nusu. Niliachana na baba yake mwaka jana, na wazazi wangu wako Lamu, kwa hivyo Idd ijayo itakuwa ya kwanza kwangu kuisherehekea bila ya mtu mzima mwengine nyumbani. Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo lenye kazi nyingi zaidi, na usiku wa kuandama mwezi huwa bado nakunja pindo za kanzu za watoto wa watu. Asubuhi yake nitatakiwa nipike, nimvishe mtoto, twende tukaswali, tuzunguke kwa jamaa, na jioni nimpeleke kwenye bembea za viwanja vya Makadara kama wenziwe. Baba yake naye ametuma ujumbe kwamba atakuja kumchukua wakati wowote siku hiyo. Nifanyeje ili mtoto aipate Idd yake nami nisiishie kulia jikoni?

Mama Kijana, Kisauni

Wa alaykum salaam mwanangu,

Shughuli ulizozitaja, katika nyumba yenye watu wengi, hugawanywa baina ya nyanya, shangazi na mabinti waliokua, na hata hivyo ifikapo adhuhuri utawakuta wamechoka na wanasemezana kwa ukali. Wewe umezitwika zote peke yako, tena katika siku moja. Nakushauri uanze kwa kuipima Idd kwa kimo cha mwenyewe, yaani mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto aliyevuka mwaka mmoja ambaye hajatimiza miaka 3 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mwanao, basi, ana asubuhi moja nzuri na kipande cha alasiri, na kila utakachomlazimisha nje ya nyakati hizo atakulipa kwa kilio.

Asubuhi ndiyo yenye uzito, na inaanzia siku kadhaa nyuma. Kanzu yake ishone mapema katika mwezi, maana nawajua mafundi: nguo ya mtoto wa fundi ndiyo hubaki bila vifungo hadi takbiri zinaanza. Wateja nao wape siku ya mwisho ya kupokea kazi, tuseme Ramadhani 25, na uishike. Kwa kuwa hatujui kama mwezi utaandama usiku wa 29 au tutakamilisha 30, fundi anayetegemea siku hiyo ya ziada hujikuta anashona huku majirani wanapongezana. Vileja hukaa, kwa hivyo vioke mapema. Tambi zipike usiku. Kaimati na mahamri ya kukaangwa asubuhi yenyewe ningekuomba uyaache mwaka huu, au uyanunue kwa jirani anayeuza, kwa sababu karai la mafuta ya moto juu ya jiko la makaa lililo sakafuni, katika chumba kimoja chenye mtoto anayekimbia, ni hatari ambayo hakuna kaimati inayoistahili. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa wengi huona kwamba Idd isiyonukia mafuta si Idd.

Kabla ya kutoka, mpe tende, kama ilivyo sunna ya Idd ul-Fitri, lakini itoe kokwa na uikate vipande vidogo. Njugu na peremende ngumu atakazopewa na watu zitie mkobani mwako, kwani watoto wa umri wake husakamwa nazo kooni kwa urahisi. Ukienda kuswali katika viwanja vya Ronald Ngala au kwengineko, kaa ukingoni mwa safu za wanawake, karibu na njia. Sala ya Idd ni rakaa mbili tu, na hutuba huja baada yake. Mtoto akianza kulialia wakati wa hutuba unaweza kuondoka taratibu, nawe umekwisha kuswali. Zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja ya chakula, takribani kilo 2.5 hadi 3, hutolewa kabla ya sala. Wanazuoni wengi wanaona kwamba ile ya mtoto asiye na mali ni juu ya baba yake, kwa hivyo muulize mapema kama ataitoa.

Baada ya sala, nenda nyumba moja. Chagua ile ambayo mwenyewe hatakuuliza mbele ya wageni kwamba babake yuko wapi, na ambayo ina chumba cha ndani cha kumlaza mtoto. Mtume mtoto na sahani ya vileja aikabidhi kwa mikono yake, hata akimwaga viwili njiani. Kwa umri wake, huko kuaminiwa na sahani kutamfurahisha kuliko biriani utakalopewa. Jamaa wengine watasubiri Idd pili na Idd tatu. Makadara vilevile: bembea na wauza achari huwapo kwa siku kadhaa, kwa hivyo mpeleke Idd pili, mara tu baada ya sala ya alasiri, mrudi kabla ya magharibi, wakati vijana wanapoanza kujaa. Mfunge leso mgongoni au umshike mkono muda wote, na uandike nambari yako ya simu kwenye karatasi uitie mfukoni mwa kanzu.

Ama baba yake, neno lake la "wakati wowote" usilikubali. Mtoto ana haki ya kuonana na babake siku ya Idd, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hata hivyo, kuja bila saa ni kukufunga wewe nyumbani siku nzima. Mwandikie kwa adabu kwamba mtoto atakuwa tayari saa kumi alasiri, akiwa ameshalala na ameshakula, na kwamba atarejeshwa kabla ya magharibi. Usimwambie mtoto mpaka babake awe mlangoni, kwani akichelewa ni wewe utakayeulizwa.

Somo, salaam.

Mke wangu alifariki, nami namlea binti yetu wa miaka mitatu hapa Likoni. Majirani wanataka kumchora piko, ile michoro myeusi ya ngozi, kwa ajili ya Idd kama wasichana wenzake. Je, nikubali?

Baba Mtu, Likoni

Pole kwa msiba, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Piko ikatae, tena bila kuona haya. Weusi wake hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuibabua ngozi na kuacha alama, na aliyedhurika nayo akiwa mdogo huweza kudhurika tena ukubwani kila akutanapo na rangi hizo. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa wekundu wa kahawia, wala haiwi nyeusi kama makaa. Ukiambiwa ni "hina nyeusi," hiyo ni piko kwa jina jengine. Hata hina yenyewe usimpake ikiwa aliwahi kuambiwa hospitalini kwamba ana upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, kwani inaweza kuivunja damu yake.

Ikiwa hana tatizo hilo, mpake akiwa amelala usiku wa kuamkia Idd, maana akiwa macho hatatulia: doa moja katikati ya kiganja na ncha za vidole, kisha mfunge kitambaa laini. Nywele zioshe jioni hiyo, uzipake mafuta ya nazi, na umwombe mmoja wa majirani hao akuoneshe namna ya kufunga mabutu mawili, kwa kuwa Idd pili utayafunga mwenyewe.