Kwenda Bwawa la Ndakaini na kurudi siku moja

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kuwapeleka watoto Ndakaini bila gari na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo. Inawezekana, ila kwanza tazama mvua: Machi hadi Mei udongo mwekundu wa kule huwa utelezi mtupu. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mpande matatu hadi Thika, kisha muulize matatu ya kuelekea Gatanga, eneo lililo na bwawa hilo. Bebeni masweta na chakula. Ukuta wa bwawa ni wa udongo, kimo chake mita 65, na mashamba ya chai yanateremka karibu na maji. Watoto wangu walinyamaza kabisa nilipowaambia kwamba maji ya bomba letu hutoka hapo. Washike mikono ukingoni, tafadhali. Saa tisa anzeni safari ya kurudi.