Barua kwa mwanangu: Carriacou, nenda Aprili

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonituma nimeisikiliza pamoja na mamako, naye tayari ameanza kukata nguo za mjukuu wake kama kwamba safari ni kesho. Umeniuliza hivi: muuguzi mwenzio hapo Toronto anataka mwende kwa bibi yake kisiwani Carriacou, huko Karibi. Yeye anasema Agosti, kwa ajili ya mashindano ya mashua. Wewe umeona Februari kuna nafasi kazini. Mna likizo ya wiki moja na mtoto mtakuwa naye. Sasa mwende lini, na wiki itatosha? Umeniuliza mimi kwa kuwa enzi za ubaharia wangu meli yetu ya mizigo ilikuwa ikizunguka visiwa vile.

Nendeni mwisho wa Aprili, na muombe siku kumi badala ya saba. Hizo tatu za nyongeza si za kustarehe. Ni za boti.

Watu wa mijini hupanga safari kuanzia tiketi ya ndege. Kisiwa kidogo hupangwa kuanzia gatini. Carriacou ni sehemu ya nchi ya Grenada, eneo lake halizidi kilomita za mraba 34 hivi, na ndege kubwa haishuki pale. Mtashuka Point Salines, kusini mwa Grenada yenyewe, katika uwanja unaoitwa Maurice Bishop. Kutoka hapo kuna njia mbili: kindege kidogo hadi Lauriston, uwanja wa Carriacou, au boti ya kasi iitwayo Osprey inayoondoka Carenage, bandari ya St. George's, mji mkuu wa Grenada, na kufunga Hillsborough, mji wa Carriacou, baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Ratiba yake hubadilika, kwa hiyo iulizeni siku chache kabla, na asiwadanganye mtu kwamba mtashuka ndege alasiri na jioni ile ile mtalala kwa bibi. Laleni St. George's usiku wa kwanza. Wakati wa kurudi fanyeni hivyo hivyo: toka kisiwani siku moja kabla ya ndege, hata kama bahari imelala.

Mimi ningepanda boti, na najua utasema ni ubaharia tu. Lakini kwenye boti ndipo utakapowaona watu unaokwenda kuishi nao, na magodoro yao, na mabati yao, na makatoni ya vifaranga. Nusu ya kwanza ya safari mtakuwa mnafuata ubavu wa magharibi wa Grenada, upande usiopigwa na upepo, na mtoto atadhani yuko kwenye sebule. Mkishaipita ncha ya kaskazini, mlango wa bahari kati ya visiwa viwili unafunguka na chombo kinaanza kucheza. Kaeni chini, katikati, karibu na nyuma, asiangalie simu, aangalie nchi kavu. Dawa ya kichefuchefu hunywewa kabla ya kupanda. Ukimpa ameshatapika, umechelewa.

Hapo mlangoni, kilomita 8 hivi kutoka Grenada, chini ya maji kuna volkano hai. Jina lake Kick 'em Jenny. Mlipuko wake wa kwanza kuandikwa ulikuwa mwaka 1939, na imeshapiga mara kadhaa tangu hapo. Vyombo havipiti juu yake: hata siku imetulia huiacha kilomita moja na nusu, na ikichafuka hatua hiyo huwa kilomita tano. Sikutishi. Nakwambia ili ukiona nahodha anazunguka mbali bila sababu unayoiona, ujue sababu anayo.

Sasa kuhusu miezi. Kuanzia Disemba hadi Februari upepo wa kule hukaza. Wenyewe huuita upepo wa Krismasi, na mlango ule ndipo unapouona. Mtu mzima atavumilia, mtoto wa miaka minne atalia njia nzima. Agosti nayo imo ndani ya msimu wa vimbunga, ambao huanza Juni mosi na kuisha mwisho wa Novemba, na katikati yake ndipo penye hatari zaidi. Wazee niliowakuta walikuwa wakihesabu umri wao kwa Janet, kimbunga cha 1955. Ikaja Ivan mwaka 2004 ikaivunja Grenada, mwaka uliofuata Emily. Kisha tarehe 1 Julai 2024 Beryl ikatua Carriacou kwenyewe, upepo wa kilomita 240 kwa saa. Zilikuwa saa chache tu. Karibu kila paa kisiwani likaumia, hospitali ikaumia, na mashua zilizokimbilia mikoko ya Tyrrel Bay, mahali ambapo mabaharia wote huamini, zikapandiana. Mwenzangu wa zamani kazini, ambaye kwao ni Windward, kijiji cha Carriacou, alinipigia baada ya mtandao kurudi. Hakuzungumzia nyumba yake. Alizungumzia miti, kwamba kilima chote kimekuwa kahawia kama kimechomwa.

Kwa hiyo Agosti ningekwenda mimi, wewe mwenye mtoto usiende. Najua mwenzio atanuna. Mashindano yale yapo tangu 1965, hufanyika mwanzoni mwa Agosti, karibu na sikukuu yao ya kukumbuka kuachiwa huru watumwa, na kila mwana wa kisiwa aliyeko Toronto, Brooklyn au London hutamani kuwa nyumbani siku hizo. Mwambie kwa upole kwamba Aprili nayo ina sherehe yake. Mwisho wa mwezi huo huwa na tamasha la Maroon na bendi za nyuzi: fidla, banjo, gitaa, na ngoma ya mkono. Maroon ni karamu ya kijiji kizima. Vyungu vikubwa vinapikwa nje kwa kuni, kila anayepita hula, na kuna sahani hutengwa kwa ajili ya wazee waliokwisha kufa. Sisi hatufanyi hivyo, lakini wewe ni mgeni. Kaa kwa adabu, kula unachopewa, na usianze kutoa darasa.

Ukibahatika utaona Big Drum, ngoma ambayo kisiwa kile kimeishika wakati kwengine imepotea. Ngoma ni tatu, waimbaji huongozwa na mwanamke mmoja, na kila wimbo una taifa lake: Kromanti, Igbo, Manding, Temne, Kongo. Mkongwe wa kule atakutajia ukoo wake ni wa taifa gani, ingawa babu zake waliletwa kwa pingu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Usimwambie kwamba hayo mataifa wewe unayajua vizuri kuliko yeye kwa sababu umetoka Afrika. Lamu na Kongo ni mbali, na yeye kahifadhi kwa masikio tu kile ambacho wengi wetu tumekiacha na vitabu tunavyo. (Na siku moja, si safari hii, nendeni wakati wa kanivali yao kabla ya Kwaresima. Wanaume waliojivika mavazi ya rangi hushindana kukariri hotuba za Julius Caesar wa Shakespeare, na anayekosea neno huchapwa kiboko. Mwalimu Nyerere, aliyekitafsiri kitabu hicho, nadhani angesimama kutazama mpaka jua lizame.)

Karatasi. Bado una pasipoti ya Kenya, basi tafuta ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto hadi Grenada, hata kama ni ghali kidogo. Zile za bei rahisi hupitia Miami au New York, na Marekani humdai Mkenya viza hata kama anapita tu uwanjani. Grenada na Kenya zote zimo katika Jumuiya ya Madola, na raia wengi wa Madola huingia Grenada bila viza, lakini usitegemee maneno ya babako: Grenada ina ubalozi mdogo hapo hapo Toronto, waandikie upate jibu kwa maandishi. Kadi yako ya ukaazi wa Kanada isikae nyumbani, bila hiyo hupandi ndege ya kurudi. Na kwa vile baba wa mtoto hasafiri, akupe barua ya ruhusa iliyopigwa muhuri wa wakili.

Pesa ya kule ni dola ya Karibi ya Mashariki, na 2.70 ni dola moja ya Marekani, haipandi wala haishuki. Badilisha St. George's, ingia kisiwani na noti ndogo ndogo. Mabasi yao ni vigari vya abiria kama kumi na tano hivi, Jumapili ni haba. Ukiingia ndani ya gari au duka, salamu kwanza, kwa sauti, kwa wote. Asiyesalimu kule huhesabiwa hana malezi, na hilo sina haja ya kukufundisha. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Na ile suruali ya mabaka ya kijeshi uliyomnunulia mtoto iache Toronto: ni kosa la jinai kwa raia kuvaa mabaka hayo, hata mtoto.

Maji ndiyo jambo la kulishika zaidi. Hakuna mto Carriacou. Watu hunywa mvua iliyokingwa mapaani na kuwekwa kwenye majabia, yaani matangi ya kujengwa, chini ya nyumba, na Aprili ni mwishoni mwa kiangazi. Halafu Beryl ilichukua mapaa, na paa likiondoka maji nayo yameondoka. Ogeni kwa ndoo. Bibi hatawaambia kitu, ila atasikia kila kata.

Chakula utakipenda. Mlo wao mkubwa, wanaouita oil down, ni shelisheli lililopikwa kwa tui na bizari mpaka tui likauke, na mbaazi wanalima kila mahali. Lakini ndani ya chungu kile mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya chumvi. Mwenzio amwambie bibi yake mapema, si mezani, ili apike cha samaki. Pombe yao, Jack Iron, kali kiasi kwamba barafu huzama ndani yake. Nimeiona kwa macho, basi yatosha.

Ufukweni kuna mti mmoja wenye matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha, manchinili. Usimwache mtoto aguse, na mvua ikinyesha msijikinge chini yake, maji yanayodondoka kutoka majani yake huunguza ngozi. Mingine hutiwa alama nyekundu, mingine haina. Mpelekeni Paradise Beach, maji ni shwari, na siku moja mkodi boti hadi Sandy Island, ambayo ni mchanga tu katikati ya bahari. Ni hifadhi, kuna ada ndogo. Beba dawa zake zote, kwani hospitali ni ndogo na mgonjwa mzito hupelekwa St. George's.

Kabla ya kufunga mizigo, mpigieni bibi mumuulize anahitaji nini. Saa za Aprili ni sawa na za Toronto, hamtamwamsha. Msimbebee chokoleti. Huenda akataka misumari ya mabati, au bomba la jabia, au miwani. Na laleni kwake au nyumba ya wageni ya mwenyeji, mnunue samaki kwa mvuvi na mboga sokoni Hillsborough. Watu wanajenga upya kwa pesa za namna hiyo.

Sasa yangu mimi. Mfike Windward, kaskazini mashariki. Pale wanaunda mashua ufukweni, bila ramani, kwa jicho, kama Matondoni kwetu Lamu, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, pamoja na wa kisiwa cha jirani, Petite Martinique. Siku ya kushua huchinja mbuzi, hukata magogo ya upande mmoja mpaka chombo kilale ubavu, kisha kijiji kizima hukivuta kwa kamba hadi majini. Mataruma yao, yaani mbavu za chombo, ni ya mti wanaouita sida nyeupe, nao hutafuta tawi lililojipinda lenyewe. Nataka kujua kama baada ya Beryl mti huo bado wanaupata kisiwani au wanauagiza. Muulize fundi, piga picha ya pale taruma linapokutana na mkuku, uti wa chini wa chombo, kwa karibu, simu uishike vizuri. Tarehe ukishazijua nitumie kabla hujalipa, nimwambie mwenzangu awangoje.

Wasalaam,
Babako